'Aks' na sikio linalohukumu

Mwaka 2025 ilijulikana kwamba Teleperformance, kampuni ya Kifaransa iliyo kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya vituo vya simu, imeanza kutumia programu ya akili mnemba inayobadili lafudhi ya wahudumu wake wa India papo hapo wanapozungumza. Programu hiyo hutengenezwa na kampuni ya California iitwayo Sanas. Mhudumu anasema kwa sauti yake aliyozaliwa nayo, na mteja aliyeko Marekani anaisikia sauti hiyohiyo ikiwa imevuliwa Uhindi. Walioifurahia habari hii walisema tatizo kongwe limepata dawa: watu walikuwa hawaelewani, sasa wataelewana. Walioichukia waliita ubeberu wa kisasa. Lakini hata hao waliochukia, wengi walikubali kimyakimya jambo la msingi, kwamba kinachorekebishwa pale ni kueleweka. Mimi sikubali. Nadhani habari hii imesomwa vibaya na pande zote mbili, na kuna neno moja dogo la Kiingereza linaloweza kutuonyesha kwa nini.

Neno lenyewe ni 'ask', yaani kuuliza au kuomba. Lina namna ya pili ya kutamkwa, 'aks', ambamo s na k zimebadilishana nafasi. Huko Marekani, mtu akisema 'aks' mbele ya wasomi, wengi humweka mara moja katika daraja: hakusoma, hana malezi, hafai kuketi mbele ya wateja. Ukilifuatilia neno hili katika safari yake ya zaidi ya miaka 1,000, utakuta sauti ileile ikiwa halali kabisa midomoni mwa watu fulani na aibu midomoni mwa wengine, ilhali yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni msemaji. Ndiyo maana ninadai kwamba hukumu dhidi ya 'aks', pamoja na programu za kusafisha lafudhi, hazihusu kueleweka. Zinahusu nani analazimika kubeba mzigo wa kuelewana, na mzigo huo umepewa upande mmoja tu.

Wanaosema 'aks' leo ni Wamarekani Weusi wengi, watu wengi wa Jamaica na visiwa jirani vya Karibiani, na vijana wa London, hasa katika mitaa iliyokaliwa na wahamiaji kutoka Karibiani. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba matamshi haya yalizuka miongoni mwa watu weusi, kwamba ni Kiingereza kilichovunjika kilipofika kwao. Historia inasema kinyume chake. Kiingereza cha kale, kile kilichoandikwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na maumbo yote mawili ya kitenzi hiki, 'ascian' na 'acsian', na hili la pili lilikuwa na nguvu sana katika maandishi ya kusini. Chaucer, mshairi wa karne ya 14 anayefundishwa hadi leo kama baba wa fasihi ya Kiingereza, aliandika 'axe'. Biblia ya kwanza nzima kuchapwa kwa Kiingereza, ile ya Coverdale ya mwaka 1535, ina mstari ambao kila Mkristo anayesoma makala hii anaujua kwa moyo: ombeni, nanyi mtapewa. Coverdale aliuanza kwa neno 'Axe'. Mtu akimsikia mhubiri wa Kanisa la Weusi kule Chicago akiutamka mstari huo kwa 'aks' na kumcheka, basi aicheke pia Biblia ya mwaka 1535.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa William Caxton, mtu aliyeileta mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476. Mwaka 1490, katika dibaji ya kitabu alichokitafsiri, alisimulia kisa cha wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kupitia mto Thames wakielekea ng'ambo, upepo ukakata, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia nyumbani kwa mama mmoja akamwomba mayai, akatumia neno la kaskazini, 'eggys'. Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Alikuwa anasema Kiingereza. Hatimaye mtu mwingine akasema kwamba mwenzao anataka 'eyren', neno la kusini la mayai, na mama akasema sasa ameelewa. Caxton akauliza: katika zama hizi mtu aandike lipi? Alikuwa anahangaikia yai, neno ambalo kweli liliwashinda watu kuelewana. Lakini alipoandika kwamba yule bwana aliomba chakula, aliandika 'axed', bila kuhangaika hata kidogo. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuupa Kiingereza sura moja ya maandishi hakuona tatizo lolote katika neno ambalo leo linamnyima kijana wa Detroit kazi.

Ilikuwaje basi 'ask' ikashinda? Hapakuwa na kikao wala amri. Umbo hilo lilitumika zaidi kaskazini na katikati ya Uingereza, watu wa huko wakahamia London kwa biashara na kwa kazi za serikali, na kufikia Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 mstari uleule ulianza kwa 'Ask'. Uchapaji ukafanya kazi yake: umbo lililopata bahati ya kuchapwa mara nyingi likawa sahihi, lililobaki likawa la mashambani. Huko mashambani halikufa. Liliendelea kutumika katika lahaja za kusini, likapanda meli pamoja na walowezi na vibarua wa mkataba, likavuka Atlantiki. Waafrika waliokuwa watumwa kule Virginia, Barbados na Jamaica hawakujifunza Kiingereza kutoka kwa maprofesa wa Oxford. Walikisikia kutoka kwa wanyapara na vibarua waliofanya nao kazi, watu wa vijijini Uingereza na Ireland. Walilipokea neno kama walivyolikuta na wakalitunza. Kwa maneno mengine, waliolaumiwa kwa kuharibu Kiingereza ndio waliokuwa wakiihifadhi sehemu yake ya kale.

Kupishana kwa sauti namna hii si jambo geni katika Kiingereza. 'Third' inatokana na 'three', na zamani ilikuwa 'thrid', kama mantiki inavyotaka. 'Bird' ilikuwa 'brid'. 'Horse' ilikuwa 'hros'. Nyigu, ambaye leo ni 'wasp', zamani aliitwa pia 'wæps'. Katika maneno haya manne sauti zilipishana, watu wakazoea, na leo mwalimu atamsahihisha mwanafunzi atakayesema 'thrid'. Mabadiliko yaleyale, mashine ileile ya ulimi, yakitokea kwa bahati katika mji wenye mamlaka huitwa historia ya lugha, na yakibaki kwa wasio na mamlaka huitwa ujinga.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Kent kulielewa hili. Mtu wa Mombasa akisema 'ndia' badala ya 'njia', 'nti' badala ya 'nchi', 'mato' badala ya 'macho', hajakosea. Anasema Kimvita, lahaja ya mshairi Muyaka bin Haji, lahaja iliyobeba mashairi mazito kabla hata ya hilo tunaloliita Kiswahili sanifu kuwako. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipokuwa akikusanya maneno ya kamusi yake alikaa upande wa Mombasa. Askofu Edward Steere, mchunguzi mwingine wa Kiswahili, alikaa Unguja. Kwa muda ilikuwa haijulikani ni lahaja ipi itakayotangulia. Kisha mwaka 1928 kikafanyika kikao Mombasa kwenyewe, chini ya watawala wa Kiingereza, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu. Mwaka 1930 kamati ya kusimamia usanifishaji ikaanza kazi. Sibezi uamuzi huo. Bila lugha sanifu nisingeweza kuandika makala hii ikasomeka Mwanza, Goma na Maskati. Lakini ulikuwa uamuzi wa kiutawala. Hakuna aliyegundua katika maabara kwamba 'njia' ina ukweli zaidi kuliko 'ndia'. Mtoto wa Kisauni anayekatwa alama kwa 'ndia' na mtoto wa Detroit anayekatwa alama kwa 'aks' wanalipia uchaguzi uliofanywa kabla babu zao hawajazaliwa. Tofauti iliyopo ni kwamba sisi tunajua tarehe ya uchaguzi wetu, na Waingereza hawaijui ya kwao, kwa hiyo ni rahisi kwao kudhani kwamba haukuwahi kufanyika.

Sasa tuziangalie hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine ni nzito. Nianze na ile dhaifu kabisa, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba anayesema 'aks' ni mvivu wa ulimi. Hoja hii haisimami hata kwa kuhesabu sauti. 'Ask' ina konsonanti mbili mwishoni, 'aks' nayo ina mbili. Hakuna kilichopunguzwa. Ulimi unafanya kazi ileile kwa mpangilio tofauti. Ukitaka kuusikia uvivu wa kweli, msikilize mtangazaji yeyote wa habari wa London akisema kwa haraka kwamba mtu fulani aliulizwa. Neno 'asked' lina s, k na t zilizobanana mwishoni, na wasemaji wengi, wakiwemo waliosoma sana, huimeza k na kusema 'ast'. Hapo sauti nzima imepotea, na hakuna anayewaita wavivu. Tena kuna irabu. Mtu wa London ya wasomi husema 'aask' kwa a ndefu inayotoka nyuma ya kinywa. Mmarekani husema kwa a fupi ya mbele inayokaribia e. Tofauti hiyo ni kubwa sikioni kuliko kupishana kwa s na k, na wote wawili wanapewa heshima yao. Wapo pia wanaosema kwamba 'aks' huleta utata kwa kuwa linafanana na neno la shoka, 'axe'. Katika maisha yote ya lugha hiyo hakuna aliyewahi kuambiwa 'let me aks you something' akakimbia akidhani anakatwa. Kiingereza kimejaa maneno yanayofanana kwa sauti, na wasemaji wake wanayatenganisha kwa muktadha kila dakika bila jasho.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema: haya, historia tumeikubali, lakini kijana anayekwenda kwenye usaili kesho asubuhi hataajiriwa na Chaucer. Dunia ina milango, milango ina wenyewe, na mzazi anayempenda mwanawe atamfundisha neno litakalofungua. Kwa hili sina ubishi. Wazazi Weusi wengi wa Marekani huwafundisha watoto wao kusema 'ask' kazini na 'aks' nyumbani, na wanafanya hivyo kwa uchungu na kwa busara. Nakubali pia kwamba shule ina wajibu wa kufundisha lugha sanifu, na kwamba mwalimu anayeacha kuifundisha kwa jina la kuheshimu lahaja humdhulumu mtoto maskini zaidi ya mtoto wa tajiri, ambaye atajifunza sanifu mezani kwao. Hapa ndipo watu walipoielewa vibaya Bodi ya Shule ya Oakland, mji wa California, mwezi Desemba 1996, ilipopitisha azimio kuhusu lugha ya Wamarekani Weusi. Vyombo vya habari vilitangaza kana kwamba shule zinaacha Kiingereza. Lengo lilikuwa kuitumia lugha ambayo mtoto anatoka nayo nyumbani ili kumfikisha kwenye ile ya shule, na mwezi uliofuata, Januari 1997, Chama cha Wanaisimu cha Marekani kilipitisha azimio lake kikisema kwamba lugha hiyo ina mfumo na kanuni zake kama lugha nyingine yoyote. Kufundisha sanifu ni jambo moja. Kumwambia mtoto kwamba mama yake anaongea takataka ni jambo jingine, na hilo la pili halisaidii la kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo ya wenye programu ya lafudhi, na nitaieleza kwa haki. Wanasema wahudumu wa simu hutukanwa kila siku na wateja wanaposikia sauti ya kigeni. Programu inampunguzia mhudumu matusi, simu zinakuwa fupi, mteja anaridhika, ajira inabaki India au Manila badala ya kurudi Ohio. Matusi hayo yapo kweli. Binamu yangu aliwahi kufanya kazi ya simu Nairobi, na wiki za kwanza za mafunzo zilikuwa za kutamka tu. Aliniambia kwamba wateja waliomtukana walikuwa wameshamwelewa, kwani walimjibu kwa ukamilifu kuhusu kile alichowauliza kisha wakamwambia arudi kwao. Hicho ndicho kiini cha suala. Mteja wa namna hiyo hana shida ya kuelewa. Ana shida na anayeeleweka.

Ushahidi wa kitaalamu unaelekea hukohuko. Mwaka 1999 mwanaisimu wa Marekani John Baugh na wenzake wawili walichapisha utafiti ambao Baugh mwenyewe, mtu aliyekulia kati ya lahaja kadhaa, aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha katika eneo la San Francisco akitumia lafudhi tatu: ya Wamarekani Weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Mexico, na ile inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Maneno yalikuwa yaleyale. Katika mitaa ya Wazungu, lafudhi mbili za kwanza zilipata miadi michache zaidi kwa kiasi kikubwa. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, wasikilizaji walipewa neno moja tu, 'hello', na zaidi ya mara 7 kati ya 10 walilitambua kundi la msemaji. Fikiria: neno moja, kabla swali lolote halijaulizwa, kabla 'ask' au 'aks' haijapata nafasi ya kutamkwa. Mwenye nyumba aliyesema chumba kimeshachukuliwa alikuwa ameelewa kila kitu.

Na pale ambapo kweli kuna kutoelewana, angalia ni nani anayeshindwa. Mwaka 2019 watafiti walichapisha jaribio walilowafanyia waandishi 27 wa mahakama za Philadelphia, watu wenye vyeti, wanaotakiwa kunukuu kwa usahihi wa asilimia 95. Walipewa sentensi za kawaida za Kiingereza cha Wamarekani Weusi, lugha ya watu wanaosimama mbele yao kizimbani kila wiki. Kwa kuhesabu sentensi nzima, walinukuu sawasawa takriban 60 kati ya kila 100. Makosa mengine yaligeuza maana: nani alifanya, lini, wapi. Kumbukumbu hizo ndizo jaji wa rufaa anazosoma. Msemaji hakukosea, amesema sentensi iliyo sahihi katika lugha yake, mbele ya mtu anayelipwa ili asikie. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walipima mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya kampuni tano, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, wakakuta kwa wastani inakosea maneno 35 kati ya 100 kwa wasemaji Weusi na 19 kwa Wazungu. Hakuna aliyesema mashine zina uvivu wa sikio. Zilifunzwa kwa sauti za watu fulani na hazikufunzwa kwa sauti za wengine, basi. Na sikio la mwandishi wa mahakama lina historia hiyohiyo.

Hapo ndipo programu ya lafudhi inaponitia wasiwasi kuliko matusi yenyewe. Mwanadamu anayesikia lafudhi ngeni mara kwa mara huizoea. Kila aliyehamia mji mpya anajua kwamba baada ya mwezi mmoja lile lililomshinda wiki ya kwanza linaingia lenyewe. Mteja wa Ohio aliyekuwa akiongea na wahudumu wa Bengaluru, India, kwa miaka 20 alikuwa, hata bila kutaka, akijifunza kusikia. Programu inalikata somo hilo. Inamwachia sikio lake kama lilivyokuwa, na siku atakapokutana uso kwa uso na daktari wa Kihindi hospitalini, au na jirani aliyehamia kutoka Kisumu, hatakuwa na programu kati yao. Atasema haelewi, na safari hii huenda ikawa kweli, kwa sababu tumemtunzia kutoelewa kwake kwa gharama kubwa.

Nairobi ina vituo vinavyowahudumia wateja wa Ulaya na Marekani, na teknolojia hii itabisha hodi huko kama haijabisha. Itakapokuja, wafanyakazi wana haki ya mambo ya kawaida: kuambiwa sauti yao inabadilishwa kuwa nini, kuwa na uwezo wa kuizima, na sauti zao zisichukuliwe kufunza mashine bila ridhaa na malipo. Anayeitaka kwa sababu imemchosha kutukanwa aitumie. Sitamlaumu hata siku moja. Asilazimishwe tu, na asiambiwe kwamba lililokuwa na kasoro ni koo lake. Shuleni nako, mwalimu wa Kiingereza wa Machakos au Singida anaweza kufundisha 'ask' kama umbo la mtihani na, katika kipindi hichohicho, akawaeleza wanafunzi kwamba Caxton aliandika 'axed'. Inachukua dakika 5. Darasa linalojua hivyo halitamcheka mwenzao anayechanganya r na l, maana litakuwa limeshajua kucheka kule kunatoka wapi.

Kuna upande wetu pia. Mifumo ya kusikia na kuandika Kiswahili inazidi kutengenezwa, na hospitali, benki na mahakama zetu zitauziwa. Muuzaji ataleta asilimia za usahihi zilizopimwa kwa wasomaji wa habari wa Dar es Salaam. Anayenunua ampe sauti ya mzee wa Lamu, ya mama wa Lubumbashi, ya mvuvi wa Pemba, ya kijana wa Bukoba anayesema 'selasini' akimaanisha thelathini, kisha ahesabu upya kabla ya kutia saini.